Siku yangu moja ukumbini, na mtoto aliyeacha kubisha

Saa 11:30 alfajiri. Kundi la kwanza linaingia kabla ya shule. Huwa nawatazama wanavyovua viatu, maana ukimwuliza mtoto wa jimnastiki anajisikiaje, atakwambia "niko sawa, Kocha" huku anachechemea. Kuna binti wa miaka 11 ambaye zamani hakukubali jambo bila kubisha: kwa nini tuanze na boriti (ule ubao mwembamba wa kutembea juu yake), kwa nini tusianze na vyuma (zile fito mbili za kuning'inia)? Siku hizi anaitikia tu. Nami nilijipongeza, nikadhani amekua.

Saa 3 asubuhi. Madaftari. Kila mtoto huandika mapigo ya moyo kabla hajatoka kitandani, saa alizolala, na panapouma. Mapigo ya binti huyu yamepanda wiki ya pili sasa, usingizi wa mang'amung'amu. Panapouma: "hakuna". Kila siku "hakuna", kwa mwandiko uleule.

Wataalamu wa michezo ya watoto wana kipimo chepesi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Nikajumlisha zake. 19. Ratiba hiyo niliipanga mimi, kwa kalamu yangu.

Saa 6 mchana. Kikao. Tumezungumzia medali.

Saa 10 jioni. Kundi limerudi. Anaposhuka kwenye boriti anakung'uta mkono wa kulia, kidogo tu, kama anayepangusa chaki. Namwita, namwomba asukume ukuta kwa kiganja. Anakunja uso. Kumbe amekuwa akijifunga bandeji chumba cha kubadilishia nguo, nisione.

Katika mchezo huu mikono hugeuka miguu: inabeba mwili mzima, na kila kichwangomba kinashindilia kifundo cha mkono. Kwa mtoto, karibu na kifundo hicho pana tabaka la gegedu ambako mfupa unarefuka, na ni laini kuliko mfupa wenyewe. Likipondwa kila siku bila kupumzishwa, mfupa unaweza kukua vibaya.

Nikamwambia leo basi. Akalia. Nikamwuliza kama ni maumivu. "Wenzangu wataniacha."

Saa 12 jioni. Mama yake mlangoni. "Kocha, zimebaki wiki tano kabla ya mashindano. Atapumzika vipi? Nadia Comaneci alipata 10 kamili akiwa na miaka 14!"

Kweli, Mromania yule, Olimpiki ya Montreal, 1976. Lakini mama, tangu 1997 msichana asiyetimiza miaka 16 ndani ya mwaka huo haruhusiwi Olimpiki. Wako ana miaka mitano mbele yake. Simone Biles, bingwa wa Marekani, alijitoa fainali kadhaa za Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akili na mwili havikuwa vikisikilizana hewani. Akarudi Paris 2024, ana miaka 27, akaondoka na dhahabu tatu. Mama akanyamaza. Sidhani nimemshawishi, ila amekubali kumpeleka kwa daktari kesho.

Saa 2 usiku. Nafuta ratiba. Siku mbili za mapumziko kwa wiki, kwa wote. Yeye hatagusa chombo mpaka daktari aseme. Akitaka, aje apige msamba na kunyoosha miguu. Najua kesho kikaoni nitaulizwa.

Wakati wa kuondoka, binti alikuwa amerudi kutoka getini, mkoba begani.

"Kocha, sasa nije kufanya nini kama sipandi boriti? Na kwa nini siku mbili? Kwa nini isiwe moja?"

Tulibishana pale mlangoni kama dakika kumi.