Jumba la Utamaduni la Unterwellenborn: nguzo za mawe, maradhi ya maji

Anayeyajua maghorofa ya Michenzani, Unguja, yaliyopangwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, akifika Unterwellenborn karibu na Saalfeld, katika jimbo la Thuringia, atashangaa. Kule ni kuta tupu na madirisha yaliyojipanga. Huku ni nguzo, kingo za mawe na ngazi pana, utadhani jumba la mfalme. Serikali ilikuwa ileile, ya Ujerumani Mashariki. Kilichobadilika ni wakati.

Jumba hili lilichorwa na Hanns Hopp na Josef Kaiser, likajengwa kati ya 1952 na 1955 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Maxhütte. Miaka hiyo wasanifu wa nchi hiyo walitakiwa wafuate "mapokeo ya taifa", yaani mtindo wa kale wenye nguzo. Desemba 1954 Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, akasimama Moscow na kuwalaumu wasanifu kwa kumwaga fedha kwenye mapambo. Basi jumba lilikamilika wakati mtindo wake umeshapitwa. Kaiser mwenyewe alikuja kuchora jumba la sinema la Kino International, Berlin, lililofunguliwa 1963: vioo na zege.

Kazi za ndani ya majumba ya aina hii ni nyingi: ukumbi wa maonyesho, maktaba, vyumba vya vikundi, mahali pa kula, chumba cha makoti. Ukumbi mmoja ulitakiwa ufae hotuba, muziki na sinema, na hapo ndipo tabu ilipo. Hotuba inataka mwangwi, yaani muda wa sauti kufifia, wa sekunde 1 hivi. Okestra inataka karibu 2. Ukiupendelea upande mmoja, wa pili unaumia. Chumba cha projekta kilitengwa kwa kuta imara kwa sababu filamu za nitrati zilishika moto upesi na hazizimiki kwa maji.

Lakini adui wa jumba lililoachwa bila matumizi ni maji, na hushambulia kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mifereji ya paa. Majani yakiziba, maji yanarudi nyuma, yanaingia kwenye vichwa vya kenchi, mahali mbao zinapolala ukutani. Huko hakuna hewa. Ubao ukivuka unyevu wa asilimia 20, kuvu mla nyumba, aozeshaye mbao, anaanza kunawiri, na huyu ni mjanja: nyuzi zake hupenya plasta na matofali kutafuta ubao mwingine. Kukata sehemu iliyooza pekee ni kujidanganya. Kata angalau mita 1 zaidi ya pale unapomwona, kisha ushughulikie ukuta pia.

Ya pili ni dari ya plasta. Mara nyingi imening'inizwa kwa waya na wavu wa chuma. Waya unaliwa na kutu juu, huku chini pakionekana doa la rangi ya chai tu. Usisimame chini ya doa hilo. Panda darini ukaguse waya.

Ya tatu ni mfumo wa kupasha nyumba joto kwa maji moto. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na radieta, chombo cha ukutani kinachopitisha maji hayo, ikiwa ya chuma cha kalibu hainyumbuki, inapasuka. Kuzima boila hakutoshi: fungua koki za chini kabisa, fungua na za hewa juu, halafu puliza mabomba. Maji yanayosalia pale bomba lilipolegea na kushuka ndiyo yanayopasua, nawe utajua siku mfumo utakapojazwa tena.

Jumba kama hili likiachwa na kiwanda chake, fedha kidogo zinazopatikana hupelekwa kwenye uso wa mbele, kwa kuwa ndio unaopigwa picha. Ni kosa. Mifereji kwanza, kisha paa, kisha madirisha yafunguliwe siku kavu ili hewa ipite. Rangi mpya isiyopitisha mvuke juu ya ukuta mbichi hufungia unyevu ndani, na baada ya msimu mmoja wa baridi inabanduka pamoja na plasta.