Mjomba, bia ya ngano na embe la jirani

Julai 2016 mjomba wangu wa Marangu alikuja kututembelea Portland, Oregon. Jirani yetu, mzee mstaafu anayepika bia gerejini kwake, alikuwa na bia ya ngano ya Kijerumani iliyokwisha kuchacha, ameigawa kwenye mitungi ya kioo ya lita nne nne. Kila mtungi alitaka kuutia tunda lake. Nikamwambia nina mgeni aliyekulia kwenye mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, akasema mlete.

Mjomba alipopewa glasi hakuonja kwanza, alinusa.

"Kuna ndizi humu."

Jirani akacheka, akasema hakuna hata moja: ngano, shayiri, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), maji na hamira, basi. Nilipomtafsiria, mjomba akaninong'oneza, "Mwambie asinifanye mtoto."

Kumbe wote wawili walikuwa sahihi. Hamira ya bia hizi hutengeneza asetati ya isoamili, kemikali ileile inayonukia kwenye ndizi mbivu. Nyingine inayotoka humo hunukia karafuu. Mjomba alisikiliza, akanusa tena, akauliza kama polisi hawamsumbui huyu mzee. Jirani akaeleza kuwa Rais Carter alisaini sheria mwaka 1978, na nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757, mradi wasiuze.

"Kwa mwaka mzima?" mjomba akashangaa. "Hiyo si ya harusi moja tu?"

Mezani kulikuwa na maembe, rasiberi, na pasheni iliyosagwa na kugandishwa. Jirani alikuwa ameng'ang'ania embe kwenye ngano. Mjomba akakataa katakata: bia imeshanukia ndizi, ukiitia embe unaweka utamu juu ya utamu, na utamu wenyewe haukai. Aliyekunywa mbege changa na ya siku inayofuata anajua. Sukari ya ndizi huliwa na hamira, unabaki na ulezi na ule uchungu wa gome la msesewe. Kwa hiyo tunda lichaguliwe kwa kitakachobaki sukari ikiisha, yaani ukali wake na harufu yake. Pasheni inavyo vyote viwili.

Jirani alitikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo nilipoona kwamba wanazungumza lugha moja, mimi nikiwa mkalimani wa bure.

Rasiberi walizipeleka kwenye bia nyeusi iliyokuwa pembeni. Ile shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua ina ladha ya kahawa na chokoleti, na uchachu wa rasiberi unaikata vizuri. Zilikuwa zimelala kwenye friza usiku kucha ili zipasuke zikiyeyuka. Mjomba alizigeuza kwa mwiko zikawa uji mwekundu, zikapimwa: gramu 120 kwa kila lita ya bia, na jirani akasema wengine hufika 240. Pasheni walitia kidogo zaidi ya nusu ya hapo, maana ile haina mzaha. Matunda huingia baada ya mchachuko mkali kupita. Ukiyatia mapema, gesi inatoka na harufu yote.

Embe, kwa maoni yangu, lilistahili ile bia chungu ya rangi ya dhahabu yenye hopsi za Citra, ambazo zenyewe zina harufu ya embe na machungwa. Nilisema hivyo. Jirani akasema mwakani. Kisha, kwa ubishi tu, akachukua embe akalitia kwenye mtungi mmoja wa ngano mjomba alipokwenda kunawa mikono.

Tulizionja baada ya wiki kadhaa, mjomba akiwa amesharudi nyumbani. Ya pasheni ilikuwa kali na safi, ndizi ikisikika kwa mbali nyuma yake. Ile nyeusi mke wangu aliimaliza karibu peke yake. Mtungi wa embe ulikuwa bia ya ngano, basi.

Nilimpigia mjomba simu kumpa habari. Za pasheni wala rasiberi hakuuliza.

"Na lile embe lake aliloficha?"