Siku moja maishani mwangu: fundi sola na ugomvi wa hewa

Ukinikuta juu ya bati nimekumbatia paneli, unaniita fundi. Ukinikuta nimesimama mbele ya ukuta mtupu, futi kamba mkononi na penseli sikioni, unauliza kama nimekwama. Jumanne ya wiki iliyopita nilisimama mbele ya ukuta zaidi ya saa mbili. Nimeamua kuisimulia siku yote, maana kila nikisema kazi yangu ni kufunga inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani, watu hudhani ni skrubu nne na waya mbili.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mbagala. Chai ya rangi, chapati mbili za jana. Nahesabu vifaa kwenye begi: mita, klampu mita, drili, pima maji, koleo la kubana lagi, koleo la viunganishi vya paneli. Nakala ya leseni yangu ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, iko kwenye faili la plastiki. Wateja wengi hawaiulizi, wanauliza bei.

Saa mbili asubuhi

Kariakoo. Jana niliagiza vifaa kwa simu, leo nimekuja kuchukua, na kama kawaida si nilivyoagiza. Nilitaka breka, swichi ya kukata umeme, ya DC ya ampea 125 kwa ajili ya betri. Muuzaji ananipa ya AC. "Ni ileile tu kaka, ampea ni ampea."

Si ileile. Umeme wa TANESCO ni AC, hugusa sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ikizuka wakati breka inakata, inazimika yenyewe. Umeme wa betri na wa paneli ni DC, haugusi sifuri hata mara moja. Cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka kama mkaa unaopulizwa, mpaka plastiki iyeyuke. Nimewahi kufungua boksi la namna hiyo, breka imegeuka donge jeusi.

Akatafuta nyuma, akaipata. Kisha kebo ya milimita za mraba 35. Nikatoa kisu nikakwangua nyuzi: juu nyekundu ya shaba, ndani nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Nikairudisha bila kusema neno, naye akanipa ya pili bila kusema neno. Tunafahamiana.

Saa nne kasoro

Kirikuu imebeba paneli 8, inveta ya kilowati 5, betri ya lithiamu, ngazi, na saidia fundi wangu juu ya mzigo. Tunapita Daraja la Nyerere kuelekea Kibada, Kigamboni. Jua limeshaanza ukali wake.

Mwenye nyumba ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nilimpenda tangu siku ya vipimo, kwa sababu alitaka paneli 10 kwenye mstari mmoja nikamwambia tuweke 8. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kila paneli ina volti 49.8 ikiwa haijabebeshwa mzigo, na inveta hii haivumilii zaidi ya 500. Akazidisha kichwani papo hapo. "498. Si imebaki mbili?" Nikamwambia hizo 49.8 zinapimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Paneli ikipoa volti zinapanda, na asubuhi ya mwezi wa saba hapa Kigamboni jua linaikuta paneli imepoa chini ya hapo. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi na mwanafunzi wa nyuma ya darasa.

Nikajua leo itakuwa siku nyepesi.

Saa nne na robo, na kuendelea

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi, karibuni. Njoo nikuonyeshe pa kuweka."

Akanipeleka sebuleni. Kwenye kona seremala amejenga kabati zuri la MDF, lina milango, lina kitasa cha dhahabu. Urefu sentimita 80, upana 60. Akafungua. "Hapa. Nimemlipa seremala kabisa. Sitaki kuona mawaya."

Nikashusha pumzi. Mwalimu, nikasema, hapa haiwezekani. Inveta inataka kupumua.

"Ina feni, si ndiyo? Umesema mwenyewe ina feni."

Ina feni, ndiyo. Lakini feni haitengenezi hewa baridi, inasukuma ile iliyopo. Ukiifungia kabatini itazungusha moto wake mwenyewe. Nikampigia hesabu, nikijua ndiyo lugha yake: mashine hii ikitoa wati 4000, kama asilimia 7 ya umeme inaoupokea inapotea kwa joto. Hizo ni karibu wati 300. Ni kama kuwasha balbu tatu za zamani za wati 100 ndani ya kabati na kufunga mlango, mchana kutwa, Dar es Salaam. Na ukuta wa kabati lenyewe ni mbao.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Tutakuwa tunaacha mlango wazi."

Hapo ndipo nilipochukua penseli. Kitabu cha inveta kinataka nafasi ya sentimita 50 juu, 50 chini, na 20 kila upande. Mashine yenyewe ni kama 45 kwa 30. Nikachora kwenye karatasi ya boksi, nikaikata, nikaisimamisha ukutani: urefu 145, upana 70.

Mwalimu akacheka mpaka akakaa. "Fundi mwanangu, hiyo inveta au mlango?"

Ndiyo kazi yangu hiyo. Mtu ananunua mashine kwa mamilioni bila kusita, lakini ile nafasi tupu inayoizunguka haitaki hata bure. Nafasi tupu inamuuma. Anaona ukuta umeharibika, anaona hapo pangekaa kabati, pangekaa saa. Na mimi nikiikubali raha yake, baada ya miaka miwili inveta itakuwa imekufa na jina litakalotajwa mtaani ni langu, si la seremala.

Akapendekeza jikoni, juu ya jiko la gesi. Mvuke, mafuta, joto, hapana. Nyuma ya mlango wa chumbani? Mlango ukifunguliwa unaziba pembeni, na feni italia usiku kucha. Barazani nje? Mashine hii si ya nje, mvua ya upepo na vumbi vitaingia. Kila hapana yangu ilikuwa inamchosha, naona, na mimi inanichosha zaidi, kwa sababu fundi anayesema hapana mara nne anaanza kuonekana hajui kazi.

Akampigia kaka yake Mwanza. Akaweka sauti kubwa.

"Mpe huyo fundi simu. Wewe kijana, mimi yangu iko ndani ya stoo, mwaka wa pili, haina shida. Kwa nini unamsumbua dada yangu?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jibu."

Nikamjibu kwa adabu. Ndani ya hizi mashine kuna kapasita, na kapasita za aina hii, kwa hesabu ya mafundi, joto likiongezeka kwa nyuzi 10 umri wake unapungua nusu. Kwa hiyo kukaa mwaka wa pili si ushahidi. Nikamwomba aende stooni aiguse juu kwa kiganja. Akaenda, tulimsikia akifungua mlango. Kimya. Kisha, "Mm. Ina moto kidogo." Mwalimu akanitazama. Mzee akaongeza haraka kwamba hata hivyo mafundi wa siku hizi wanapenda kukuza mambo, akakata.

Saa sita ilikuwa imepita tulipofika kwenye korido ya nyuma, inayoelekea stoo. Ukuta wa tofali, umepigwa lipu, hauguswi na jua, na madirisha mawili yanayotazamana yanapitisha upepo wa bahari. Pazuri mno. Ila katikati ya ukuta huo ilikuwapo picha ya harusi yake, kwenye fremu kubwa, yeye na marehemu mumewe.

Sikusema kitu. Saidia fundi wangu naye akaangalia viatu vyake.

Mwalimu aliitazama ile picha muda mrefu. Akaishusha mwenyewe, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaenda nayo sebuleni. Akarudi. "Haya. Toboa."

Mchana

Kufunga kwenyewe saa moja tu. Pima maji, matundu, bolti, inveta juu, kioo chake usawa wa macho. Betri pembeni, si chini yake, kebo isiyozidi mita moja na nusu. Wakati huo kijana wangu na kibarua mmoja wa jirani wameshamaliza reli juu ya bati, paneli zinatazama kaskazini kwa mlalo mdogo, kama inavyotakiwa ukiwa kusini ya ikweta.

Ardhi ya Kigamboni ni mchanga. Fimbo ya kwanza ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikunipa kipimo ninachokitaka, tukapiga ya pili mbali kidogo na ya kwanza, tukaziunganisha. Jasho la hapo silielezi.

Wali maharage kwa mama ntilie, nimesimama.

Baada ya hapo

Nilipima mstari wa paneli: volti 366, jua kali limezishusha kama nilivyotarajia. Nikahakikisha chanya na hasi mara mbili, maana mashine haina huruma. Betri, kisha paneli, kisha umeme wa TANESCO. Ikawaka. Nikawasha DB ndogo mpya, boksi la kugawa umeme, ya vitu alivyochagua: taa, friji, soketi za sebuleni. Vikakubali.

Mwalimu akawasha taa ya jikoni. Paap. RCD imekata.

Nikarudisha. Akawasha. Paap.

RCD inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Usipolingana inakata, ndivyo inavyookoa watu. Kwa hiyo laivu ya taa ya jikoni inatoka kwangu, na nyutro yake inarudia kwingine, kwenye mein swichi ya zamani. Aliyefunga nyumba hii zamani aliazima nyutro mahali fulani, akaokoa mita chache za waya, akaenda zake. Siku zote hizo hakuna aliyejua, mpaka nilipokuja mimi kutenganisha, na sasa mwenye kosa ni mimi. "Lakini fundi, kabla hujaja ilikuwa inawaka."

Nikapanda darini. Sijui ilikuwa saa ngapi, simu niliiacha chini. Dari la jipsamu hulikanyagi, unatembea juu ya mbao kwa magoti, bati la msauzi liko sentimita chache juu ya mgongo na limekunywa jua la siku nzima. Tochi mdomoni. Vumbi, kinyesi cha popo. Boksi la kwanza si lenyewe, la pili si lenyewe. La tatu limefunikwa na mfuko wa nailoni. Ndani yake nyutro ya jikoni na ya taa ya nje zimesokotwa pamoja na kufungwa selotepu ya karatasi. Ya kufungia madaftari.

Nilicheka peke yangu mle ndani. Nikazitenganisha, nikavuta waya mpya, kijana akiwa chini anasukuma. Niliposhuka magoti yalikuwa yanatetemeka na adhana ya magharibi ilikuwa inasomwa.

Taa ya jikoni ikawaka na ikabaki inawaka. Nikazima TANESCO makusudi, friji likaendelea kuunguruma. Mwalimu akapiga makofi mawili madogo.

Pesa ya ufundi iliyobaki, kesho kwa simu.

Usiku

Daladala mbili mpaka Mbagala, nimesimama na begi. Nimeoga, nimekaa na ugali mapajani, saa tatu na nusu, simu inalia. Ujumbe wa mwalimu, na picha.

"Fundi mwanangu, asante sana. Tazama nilivyoipendezesha."

Nikaikuza picha. Inveta yangu, kwenye korido, imetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kuwekea juu ya redio, kinaning'inia pande zote mbili mpaka kwenye matundu ya feni. Na juu ya kitambaa, ameegemeza fremu ya picha ya harusi.

Nikanawa mkono. Nikapiga simu.

"Shikamoo mwalimu, samahani kwa usiku huu. Kile kitambaa…"