Bango la michango limekubali kufungika kwenye iPhone: kumbukumbu ya mradi, wiki ya tano

Limefungika! Leo ni siku ya tisa tangu kitufe cha "Si leo" kibonyezwe kwenye iPhone ya majaribio, na bango la kuomba michango kwenye tovuti ya maktaba yetu ya jamii halijarudi. Kabla ya hapo lilikuwa likirudi kila baada ya siku saba, hata kwa mtu aliyekwisha kutuma shilingi 1,000. Hili si jambo dogo. Aliyetoa akiombwa tena wiki inayofuata, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba pesa yake haikufika.

Mpangilio haujabadilika: WordPress, kache ya kurasa nzima mbele yake (nakala zilizo tayari anazogawiwa kila mgeni), malipo ya M-Pesa kwa STK push (ombi la kuweka PIN linalotokea kwenye simu ya mchangiaji), na bango moja chini ya skrini. Maneno yake ni haya: "Maktaba hii inaendeshwa kwa michango ya wasomaji wake. Changia kwa M-Pesa." Chini yake kuna vitufe vya 200, 500, 1,000 na "Kingine", kisha njia mbili za kuliondoa. "Si leo" inalinyamazisha siku 14, "Nimeshachangia" siku 365. Alama ya × ya kijivu pembeni imeondolewa. Haimwambii mtu kama amelifunga kwa leo au milele, na kwenye simu ndogo kidole kinaikosa na kuangukia kitufe cha kuchangia.

Sasa shida yenyewe. Kufungwa kwa bango kunakumbukwa kwa kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambayo tovuti inaiacha kwenye kivinjari. Tangu 2019, kuki iliyoandikwa na JavaScript (skripti ya ukurasa) kupitia document.cookie haiishi zaidi ya siku saba kwenye Safari. Andika 14, andika 365, siku ya saba inakufa. Kukimbilia localStorage, hifadhi nyingine ya ndani ya kivinjari, nako hakutoshi, kwa sababu tangu 2020 inafutwa mtu akitumia Safari siku saba bila kuigusa tovuti yako. Sheria hizi ziliwekwa dhidi ya wanaomfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine, na ni sheria nzuri. Kuki yetu, isiyobeba chochote ila ombi la mgeni la kuachwa kwa amani, imenaswa kwenye wavu uleule. Chrome ya iPhone haiokoi, maana karibu kila kivinjari cha iPhone kinatumia injini ya Safari, yaani WebKit.

Dawa inajulikana: kuki iandikwe na seva. Bango likifungwa, kivinjari kinatuma ombi la POST, na seva inajibu 204 (sawa, bila maudhui) pamoja na mstari huu:

Set-Cookie: bango=sileo; Max-Age=1209600; Path=/; Secure; SameSite=Lax

Max-Age ni umri wa kuki kwa sekunde, hapa siku 14. Usiongeze HttpOnly, kwa kuwa skripti ya ukurasa inahitaji kuisoma. Kwenye PHP ni setcookie() ya kawaida, na kuanzia PHP 7.3 SameSite inawekwa humo humo bila ujanja.

Hapo ndipo kazi ilipotakiwa kwisha, lakini bango likarudi tena siku ya saba. Wakosaji walikuwa wawili, na wa kwanza alikuwa amemficha wa pili.

Wa kwanza ni kihesabio. Skripti ya zamani ilikuwa inahesabu bango limeonekana mara ngapi na kuiandika hesabu ndani ya kuki ileile. Seva inatoa siku 14, mgeni anafungua ukurasa unaofuata, skripti inaiandika upya kuki, na muda unakatwa kuwa siku saba. Ukurasa mmoja tu ulitosha kufuta kazi yote ya seva. Kihesabio kimehamishiwa kwenye kuki yake, ambayo ikifa siku ya saba haimdhuru mtu. Kanuni ya kushika hapa: kuki iliyoandikwa na seva, skripti iisome tu, isiiguse.

Wa pili alikuwa mgumu zaidi kumwona. Ombi la kufunga lilikuwa linakwenda kwenye kikoa kidogo cha malipo, ambacho DNS yake inaelekeza kwenye seva za mtoa huduma mwingine. Kuanzia toleo la 16.4 la mwaka 2023, Safari inalinganisha anwani ya IP ya seva inayoandika kuki na ile ya tovuti yenyewe. Nusu ya kwanza ya anwani ikitofautiana, mathalani 203.0.113.10 kwa 198.51.100.7, kuki inapewa siku saba hata kama imeandikwa na seva. Ombi sasa linakwenda /bango/funga kwenye kikoa kikuu, na tarehe imekaa pale inapotakiwa.

Huhitaji kungoja siku nane kuyajua haya. Washa Web Inspector kwenye mipangilio ya juu ya Safari ndani ya iPhone, unganisha simu na Mac kwa waya, fungua sehemu ya Storage, kisha Cookies, utazame safu ya Expires. Funga bango, soma tarehe. Fungua ukurasa mwingine, soma tarehe tena. Ikisogea nyuma, kuna skripti inayoiandika upya. Ikiwa siku saba tangu mwanzo, tazama anwani za IP. Kile kiigizo cha iPhone kilichomo ndani ya Chrome ya kompyuta hakifai kitu kwa kazi hii. Kinapunguza upana wa dirisha na kubadilisha jina la kivinjari, lakini injini inabaki ileile ya Chrome, na Chrome inakubali kuki ya hadi siku 400. Ndiyo maana kila jaribio la mezani lilikuwa linafaulu huku simu za watu zikilia.

Kuhusu viendelezi vya WordPress vya madirisha ibukizi: vingi vinaandika kuki kwa JavaScript, kwa hiyo vina ugonjwa huu tangu kuzaliwa, na juu yake vinapakia mafaili ya kazi ambayo mistari sitini ya msimbo inaitosha. Andika bango lako mwenyewe.

Kache ilileta mawili yake. Seva isiangalie kuki wakati wa kutengeneza ukurasa, kwa sababu ukurasa wa mgeni wa kwanza ndio utakaogawiwa kwa wote. Bango lazima liwemo kwenye kila ukurasa likiwa limefichwa, na skripti fupi ndani ya head, kabla ya mafaili ya CSS, isome kuki na kuongeza darasa kwenye html ikiwa linastahili kuonekana. Skripti hiyo ikiwekwa mwisho wa ukurasa, bango linachelewa na kuchomoza mtu akiwa tayari anasoma. La pili ni nonce, alama ya muda inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wako. Ile ya WordPress haivuki saa 24, na ukurasa uliokaa kwenye kache siku mbili unabeba nonce iliyokufa, kwa hiyo ombi la kufunga linarudi na 403, yaani limekataliwa. Kufunga bango hakubadilishi chochote kwenye hifadhidata, basi usitume nonce kabisa. Jibu la /bango/funga lenyewe liwe na Cache-Control: no-store.

Upande wa M-Pesa, bango lilikuwa linajificha mwaka mzima mara tu mtu anapobonyeza kiasi. Hilo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. STK push ikifika kwenye simu, mtu anaweza kuikataa, na majibu yanakuja na ResultCode 1032. Asipopatikana kwa wakati ni 1037. Salio lisipotosha ni 1. Ni 0 peke yake inayomaanisha pesa imeingia. Wote hawa walikuwa wanahesabiwa wachangiaji, pamoja na yule aliyekosa shilingi chache na ambaye angerudi jioni.

Angalia mtego hapa: majibu ya M-Pesa yanakuja kwenye seva yako, hayaji kwenye kivinjari cha mchangiaji. Ukiweka Set-Cookie kwenye jibu unalowarudishia M-Pesa, hakuna wa kuipokea. Seva inahifadhi matokeo kwa CheckoutRequestID, namba ya utambulisho ya ombi la malipo, na ukurasa wa kusubiri unauliza kila sekunde 3, kwa sekunde 90, "imefika?" Jibu la swali hilo likiwa ndiyo, ndilo linalobeba kuki ya siku 365. Mtu akifunga ukurasa kabla ya hapo, kuki haiandikwi. Vilevile aliyechangia ndani ya kivinjari cha Facebook haijulikani akirudi kwa Chrome, maana kuki zao ni mbalimbali. "Nimeshachangia" ipo kwa ajili ya hao. Wikipedia nayo ina kiungo cha namna hiyo kwenye mabango yake, na ni haki kiwepo.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kupimanisha maneno mawili ya bango. Umewekwa kando. Kanuni ya haraka ya ukubwa wa jaribio ni 16 mara p mara (1−p), gawanya kwa mraba wa tofauti unayotaka kuiona, p ikiwa sehemu ya wageni wanaochangia. Ikiwa mtu 1 kati ya 100 huchangia na unataka kugundua kupanda hadi 1.2, unahitaji wageni 39,600 kwa kila upande. Kwa maktaba ya jamii ni kupima upepo kwa kiganja.

Vipimo vya mwisho vilivyokaa: vitufe vyenye urefu wa pikseli 44, body imeongezewa padding-bottom sawa na urefu wa bango ili lisifunike anwani iliyo chini kabisa, na env(safe-area-inset-bottom) ili ule mstari wa chini wa iPhone usilalie "Si leo". "Kiasi kingine" kilivunjika mistari miwili kwenye skrini ya pikseli 320, ndipo kikawa "Kingine".

Kilichochukua nafasi ya jaribio ni wazo lililozaliwa wakati wa kupanga Max-Age. Mbona siku 14? Mtu akisema "Si leo" tarehe 12, tarehe 26 bado hajalipwa. Mshahara ni mwisho wa mwezi. Kwa kuwa sasa seva ndiyo inayotoa muda, inaweza kuhesabu sekunde hadi tarehe 28 saa 12 asubuhi, yaani 03:00 UTC, na kuzitoa kama Max-Age. Zikibaki pungufu ya siku 5, isogeze hadi 28 ya mwezi unaofuata, ili aliyekataa tarehe 27 asiamshwe kesho yake. Kitufe kitaitwa "Nikumbushe mwisho wa mwezi", kikiingia kwenye pikseli 320. Tarehe 30 ilifikiriwa ikaachwa, kwa sababu ya Februari.