apt update inakataa: "Release file is not valid yet" – ilivyotatuliwa

Kompyuta ya mezani, Ubuntu 24.04, betri ya bodi imeisha. Kila umeme ukikatika, saa inarudi nyuma. `sudo apt update`, amri ya kusasisha orodha ya vifurushi (programu), inagoma kwa `Release file ... is not valid yet`. Nilibadilisha seva ya vifurushi, nikaendesha `apt clean`, nikafuta yaliyomo `/var/lib/apt/lists/`. Bure. Faili la Release, linaloeleza vifurushi vilivyomo kwenye seva, lina tarehe yake ya kutolewa. Saa yako ikiwa nyuma ya tarehe hiyo, apt inalikataa.

Mtandao wa hapo unazuia NTP (njia ya kupanga saa kupitia mtandao, inayotumia UDP 123), kwa hiyo saa hupangwa kwa mkono:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time "2025-03-11 14:20:00"`


Weka tarehe na saa ya wakati wako. Na hapa ndipo penye kasoro iliyonichelewesha: saa nane na dakika ishirini mchana huandikwa 14:20, si 08:20. Ukiandika kwa hesabu ya Kiswahili unabaki saa sita nyuma. `noble` (hazina kuu ya Ubuntu 24.04) itapita, lakini `noble-updates` na `noble-security` zinaweza kugoma, kwa sababu hutolewa upya mara nyingi kwa siku. Soma maneno `invalid for another` kwenye kosa: yanakwambia umebaki muda gani kabla faili halijakubalika kwa saa yako.

Kisha `sudo apt update`, ikapita. Betri ni CR2032, volti 3. Ibadilishe, la sivyo umeme ukikatika tena utarudia yote haya.