Muko watu wangapi mule?

Jana jioni umeme ulikatika, Katuba yote ikawa giza, na safari hii sikuudhika. Mwezi wa saba baridi ya Lubumbashi inaingia mpaka mifupani, lakini anga linakuwa safi, halina wingu hata moja. Mama alikuwa ameketi kando ya mbabula, kitenge mabegani, anangoja makala yashike tusonge bukari. Nikamwambia, "Mama, inua macho."

Taa nyeupe ilikuwa inapanda kutoka magharibi, haipepesi kama ya ndege, inakwenda tu bila sauti. Ni kile Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kinapita kilomita 400 hivi juu yetu, na kuizunguka dunia yote kinahitaji kama dakika 90. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijakaa hata siku moja bila mtu.

"Muko watu wangapi mule?" Mama akauliza.

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Maana kwa mule jibu lipo. Mara nyingi ni saba, na wengine watatu wako Tiangong, kituo cha Wachina. Kila mmoja anajulikana jina lake, kazi yake, hata mapigo ya moyo wake. Sisi wa huku chini tunakadiriwa. Umoja wa Mataifa ulitaja tarehe 15 Novemba 2022 kuwa siku ambayo dunia ilifikisha watu bilioni 8, lakini hakuna aliyesimama mlangoni akamwona huyo aliyetimiza hesabu. Kwetu Kongo ndiyo zaidi. Tunaambiwa tumepita milioni 100, na sensa ya mwisho ni ya 1984, tungali Zaire, ilipokuta watu kama milioni 30. Mimi nilizaliwa baadaye. Sijahesabiwa.

Mama anaikumbuka sensa ile vizuri. Kijana mwenye daftari alipita avenyu yetu, akauliza nani na nani wanalala humu. Mama akataja watoto sita, wa mwisho dada yangu wa miaka miwili. Mwaka uliofuata surua ikamchukua. Hatuna picha yake. "Lakini aliandikwa," Mama husema, kama mtu anayekutajia shamba alilo nalo kijijini.

Gereji ninapofanya kazi tuna fundi Mchina, mzee mpole, Mbudha. Saa ya kupumzika hukaa pembeni na shanga zake 108, anazisogeza moja moja. Nilidhani ni rozari. Kwa Kifaransa chake kidogo alinieleza kwamba anahesabu ili akili isimtoroke, na kwamba wengine wanahesabu pumzi: moja mpaka kumi, halafu wanarudi kwenye moja. Nikamwambia kuwa safari ya Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, tarehe 12 Aprili 1961, inasimuliwa kuwa ilichukua dakika 108. Alifurahi mno, akanitajia Yang Liwei wa kwao, aliyepanda mwaka 2003. Siku ile ya Gagarin watu wote wa dunia walikuwa kama bilioni 3, na mmoja wao yuko juu, anawazunguka.

Yule mzee ndiye aliyenifanya nisome juu ya dini yake, nikakutana na B. R. Ambedkar wa India. Alikuwa mwanasheria, aliongoza kamati iliyoandaa katiba, lakini alizaliwa miongoni mwa wale walioitwa wasioguswa, watu waliowekwa chini ya matabaka yote. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha, na watu malaki wakaingia pamoja naye. Alifariki tarehe 6 Desemba, miezi miwili haijatimia. Hao watu walikuwa wamehesabiwa vichwa katika sensa za Waingereza, sensa baada ya sensa. Jirani zao tu ndio hawakuwahesabu kuwa watu.

Kwa hiyo najua daftari peke yake halitoshi. Hata hivyo nalitaka. Chanjo ya surua inaagizwa kwa idadi ya watoto, na idadi ikikosewa kuna mtoto atakayefika kwenye foleni akute dawa zimekwisha. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu. Nasema ninamfikiria kila ninaposikia neno makadirio.

Taa ilififia upande wa mashariki, ikaingia katika kivuli cha dunia.

"Ni saba, Mama."

"Na mama zao wanajua wako wapi?"

"Wanajua."

Akachochea makala. Kisha akaanza kututaja kwa vidole, kuanzia kifungua mimba. Alipofika kwa wa sita alitaja jina la dada yangu, akakishika kile kidole kwa muda, ndipo akanifikia mimi.