Mlango Uko Huku

Jana kwenye foleni ya benki hapa Mombasa, mzee aliyekuwa mbele yangu alifungua kikaratasi akaanza kutengeneza tambuu: popoo, chokaa, kipande cha tumbaku. Harufu ile ya tumbaku tu, nikajikuta Pate, kule visiwa vya Lamu.

Tulikuwa watatu, mimi, Mjomba na binamu yangu. Bibi alikuwa amefariki mwaka ule, na Mjomba akashikilia lazima tukautazame mji aliozaliwa. Boti ilitoka Amu, yaani mji wa Lamu, alfajiri, maana mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakitoka, ikatushusha Mtangawanda. Kutoka hapo ni miguu. Soli ya kiatu changu iling'oka kabla hatujaona nyumba hata moja.

Pate ya kale ni magofu, na ndani ya magofu watu wanalima tumbaku. Majani yale mapana yameota chumbani, yameota ukumbini, yananifika kiunoni. Nyumba moja ilibakiwa na ukuta mmoja mzima, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, chokaa bado nyeupe penye kivuli. Kwenye kidaka kimoja mtu ameweka kopo la maji na kisu. Kuta nyingine zimeporomoka, hazifiki goti. Nikaruka.

"Wewe, mwanangu!" Sauti ilitoka katikati ya majani. Mzee, kikoi kiunoni, jembe mkononi. "Mlango uko huku."

Alikoonyesha palikuwa na vigutu viwili vya mawe, katikati hakuna kitu. Nilidhani mzaha. Hakucheka. Basi nikaruka tena kutoka nje, nikaizunguka nyumba yote nikichechemea na soli yangu inapigapiga, nikasimama kati ya vile vigutu, nikapiga hodi.

"Karibu." Hapo ndipo alipocheka. "Nyinyi Waamu, tangu Shela mnajiingilia tu."

Vita vya Shela ni vya mwanzoni mwa karne ya 19, Wapate na Wamazrui wa Mombasa walipowaendea Waamu wakashindwa. Yeye alivitaja kama vya juzi. Nilimtazama Mjomba nikingoja aseme kwamba mama yake ni wa papa hapa. Mjomba alikuwa anahesabu zidaka.

Njia ya Siyu ilikuwa mchanga na jua. Mjomba akanipoza eti Mwana Kupona, yule mtunzi wa utenzi, naye alizaliwa Pate akaolewa Siyu na Bwana Mataka, "na sidhani alikwenda kwa miguu." Siyu, mji uliosifika kwa makubadhi, nilinunua ndara za plastiki. Ngome tuliitazama mbiombio, tukawahi boti.

Tulipokuwa majini Mjomba akasema, "Bibi yenu alikuwa akisema zidaka zao ni ishirini na moja."

"Na zile ulizohesabu?"

"Kumi na tisa. Mbili huenda zimeanguka."

"Mbona hukumwambia mzee?"

Akajifunika kichwa kwa kilemba, maji yalikuwa yanaturukia. "Ningemwambia nini, na yeye ndiye anayelima?"